Moja Nukta Tano

Vifaa vyangu vya baiskeli vinakaa ndani ya kopo la biskuti. Mna spana ya namba kumi na tano inayofungua nati za magurudumu, spana ndogo ya kumi kwa ajili ya breki, bisibisi, plaizi isiyofumba mdomo vizuri, spana ya spoki, kipande cha msasa, solusheni, viraka nilivyokata mwenyewe kutoka tyubu iliyokwisha kufa, na mikono minne ya vijiko kwa ajili ya kubenulia tairi. Vijiko vyenyewe, ile sehemu ya kulia chakula, sijui viliko. Mama mkwe wangu anasema yeye anajua, na anasema alishanisamehe, ila mambo hayo mawili huyasema kila tunapokaa kula wali.

Kwa kopo hilo naweza kubadili tyubu kabla chai haijapoa. Sawa, iwe chai ya moto sana, tena kwenye kikombe kikubwa. Lakini hapa Makwale hakuna mwanamke mwingine anayefanya hivyo, na wanaume wanaofanya hivyo wanachafua uwanja mzima.

Ufundi huu niliupata kwa sababu ya shule. Niliolewa nikiwa na darasa la saba, na nilipopata watoto watatu nikaona sasa nina akili za kutosha kuendelea na masomo. Nikajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Darasa lilikuwa mbali, nami nilikuwa na baiskeli ya mtumba ya namba ishirini na sita, na njia yetu ina miiba inayolenga. Siendi mbali na ukweli nikisema kwamba katika miaka minne nilipata pancha mia tisa. Fundi wa njia panda alikuwa mtu mwema, lakini hakuanza kazi kabla ya kuuliza habari za ukoo wako, na ukoo wangu ni mkubwa. Alipofika kwa wajomba, darasani walikuwa wameshafunga vitabu. Basi nikawa natazama mikono yake huku nikimjibu habari za wajomba, mpaka siku moja nikaona sina haja tena ya mikono ile. Nilihitimu kidato cha nne nikiwa na cheti kimoja na viraka thelathini.

Baiskeli niliyoihudumia kuliko zote, hata hivyo, haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba mkwe. Hiyo ni namba ishirini na nane, nyeusi, breki zake ni za vyuma badala ya waya, keria yake ya nyuma ni pana kama meza ya ofisini. Aliinunua kabla mume wangu hajazaliwa, na kwa jinsi alivyoitunza, mume wangu mwenyewe amesema waziwazi kwamba angependa naye atunzwe hivyo. Huyo mume wangu anajua kuipanda baiskeli, basi. Nati kwake ni kitu cha kukaza mpaka kilie.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa msomaji wa mbali. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hakai alipokaa, hasemi naye, na akikutana naye njiani anaingia shambani mpaka mzee apite. Siyo chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina upande wa mzee pia: naye anakohoa kwa mbali ili ujue anakuja. Siku hizi wengi wameiacha. Wako wakamwana mjini Kyela wanaokula meza moja na wakwe zao na kugombania paja la kuku. Nyumba yetu haikuiacha. Mama mkwe alinipokea siku ya kwanza kwa wali wa samaki na masharti, na kwa miaka kumi na moja nilimjua baba mkwe kwa kikohozi, kwa kofia inayopita juu ya ua, na kwa baiskeli yake.

Kwa baiskeli nilimjua vizuri sana. Kwa kuwa hakuweza kuniambia kilichoharibika, nami sikuweza kumuuliza, aliiegemeza kwenye uchanja wa kukaushia kakao na kufunga kamba ya mgomba mahali penye ugonjwa. Kamba kwenye breki, ni breki. Kamba kwenye spoki, hiyo spoki imelegea. Fundo moja maana yake tazama ukipata nafasi. Mafundo matatu maana yake kesho asubuhi anaihitaji. Mimi nikimaliza, nafungua kamba na kuining'iniza kwenye usukani, naye akiikuta pale anajua kazi imeisha. Siku nyingine niliona ameifunga kamba mahali ambapo ningehitaji mwezi mzima kupagundua. Alikuwa anaisikiliza ile baiskeli kama watu wengine wanavyosikiliza redio.

Sasa kuna jina. Humu sitamtaja mtu yeyote kwa jina, lakini kwa baba mkwe hilo siyo suala la uandishi, ni mazoea. Mkamwana halitaji jina la baba mkwe, na kwa sheria ya mama mkwe wangu hataji hata neno linalogongana nalo. Kwa bahati yangu, mwanzo wa jina la mzee unagongana na neno la Kiswahili linalotumika kila siku dukani, sokoni na jikoni. Neno lenyewe ni lile la hesabu: juu moja, katikati mstari, chini mbili. Nadhani msomaji ameshalijua. Anivumilie, nitaliandika litakapofika zamu yake.

Hebu jaribu kuishi miaka kumi na moja bila neno hilo. Sukari nilinunua robo mbili. Muuza duka alinitazama siku ya kwanza, akapima robo, akaifunga, akapima robo nyingine, akaifunga peke yake, maana alidhani natumwa na nyumba mbili. Saa moja na dakika thelathini. Ndizi niliyoikata katikati nilimpa mtoto "upande". Hata ile namna ya kusema mtu alikaribia kuanguka ilinibidi niiache, maana nayo inaanza vilevile, basi kwenye hadithi zangu mtu ama alianguka kabisa ama hakuanguka. Huenda ndiyo sababu watu wanasema natia chumvi.

Kwa hiyo siku mwalimu wa hesabu alipoandika ubaoni sifuri, nukta, tano, akasema kwamba hiyo na ile ya juu moja chini mbili ni kitu kimoja kabisa, hazipishani hata kwa unywele, mimi niliyekaa dawati la nyuma nilitaka kusimama na kupiga vigelegele. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilikuwa nimefunguliwa mlango wa gereza. Kutoka jioni ile sikununua tena robo mbili. Nilinunua sukari sifuri nukta tano, na dukani nikapata cheo cha msomi kabla hata sijafanya mtihani.

Ndipo tufike kwenye tairi.

Baba mkwe ana dada yake mmoja tu aliyebaki, aliyeolewa Katumba Songwe, karibu na mto. Mume wake alishafariki, na wanawe wanaishi ng'ambo, Malawi, wanafanya biashara ya mchele na vitenge. Walikuwa wamemsihi ahamie kwao Karonga, naye alikuwa amekataa miaka mingi kwa sababu ambazo zilibadilika kila mwaka. Mwishowe akakubali. Siku ikapangwa, Alhamisi, mwanawe angekuja na gari hadi barabara kubwa kumpokea. Lakini akaleta ujumbe kwa kaka yake: alipoolewa alitoka kwao amekaa kwenye keria ya baiskeli ile, na nyumba ile hatatoka kwa namna nyingine. Kaka aje na baiskeli, ampeleke hadi barabarani.

Baba mkwe akajibu kwamba atakwenda. Hakusema zaidi. Goti lake la kulia lilikuwa limeshagoma kutembea. Kutoka chumbani hadi kwenye uchanja alitumia fimbo na kupumzika mara mbili. Ila juu ya baiskeli goti lilelile lilizunguka kama la kijana, maana halikubeba mzigo. Na kutoka mlangoni kwa dada yake hadi barabarani asingepanda. Angemweka dada yake nyuma na kusukuma, ameegemea usukani. Ile baiskeli ingekuwa fimbo yake na kiti cha dada yake kwa wakati mmoja. Mume wangu akapendekeza bodaboda. Mama mkwe akaniambia jibu la mzee lilikuwa kukohoa.

Jumatatu tairi la nyuma likapasuka. Siyo pancha, lilichanika ubavuni, tyubu ikatoka nje kama ulimi, ikalia mlio uliofukuza kuku hadi mpakani. Nilikuta baiskeli kwenye uchanja na kamba ya mgomba kwenye gurudumu. Nilihesabu mafundo. Yalikuwa saba.

Nilifungua gurudumu, nikalifuta tope lile tairi ubavuni, nikasoma kipimo. Ishirini na nane, alama ya mara, halafu moja, halafu ile ya juu moja chini mbili. Nikaandika kwenye daftari langu la zamani la hesabu, kwa desimali, kama nilivyozoea: 28 x 1.5. Nikapiga mstari chini kwa rula.

Jumanne asubuhi nilipanda ishirini na sita yangu hadi mjini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tope la Kyela, kama hulijui, linaweza kumvua mtu kiatu, soksi na imani. Nilifika duka la spea nikiwa na rangi moja na barabara. Mwenye duka, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa breki, alikuwa anapanga tyubu.

Nikamwambia nataka tairi, ishirini na nane kwa moja nukta tano.

"Nukta tano," akasema. "Umekuja na la zamani, mama, nilitazame?"

Nikamjibu kwamba msomi habebi tairi bovu begani, anabeba kipimo chake. Nikamwonyesha daftari. Akalitazama, akautazama na ule mstari wa rula.

"Nukta tano," akasema tena. "Una uhakika?"

"Baba, nimesoma."

"Haya, msomi." Akapanda ngazi, akaniletea tairi jipya, jeusi, lenye vinundu vizuri kama vya mamba mchanga. Ubavuni limeandikwa 28 x 1.50. Nilimwonyesha ile sifuri ya mwisho na kumweleza kwamba haina thamani, sifuri ikikaa nyuma ya nukta mwishoni inaweza kuondolewa. Akasema amefurahi kujua. Nikalivaa tairi shingoni, nikarudi Makwale kama mshindi wa mbio ambazo wengine wote walikuwa bado hawajaanza.

Alasiri mvua ilikata, jua likatoka, mama mkwe akatandaza kakao juu ya uchanja na kuning'iniza mkeka mmoja ulioloa upande wa nyuma ili ukauke. Nikakaa chini na gurudumu mapajani. Nilisikia kikohozi nyuma ya mkeka, na kiti kikiburutwa, nikajua mzee amekuja kusikiliza. Sikuinua kichwa. Nikapaka rimu sabuni kidogo, nikaingiza ukingo mmoja wa tairi.

Haukuingia. Uliingia upande mmoja, ukatoka upande wa pili. Nikageuza, ukatoka kule. Nikatumia mkono wa kijiko wa kwanza, ukajipinda kama shingo ya bata. Wa pili ukajipinda pia. Nikakaa juu ya gurudumu. Nikasimama juu yake. Mama mkwe alikuwa anapindua kakao kwa mikono na kunitazama kwa upande.

"Umelipata dogo," akasema.

Nikamwambia haliwezi kuwa dogo, kipimo ni kilekile.

"Basi baiskeli imenenepa."

Niliendelea hadi vidole vikafa ganzi. Nilisema, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi Mwaya, kwamba wenye kiwanda hawakwenda shule, kwamba lile tairi limesinyaa likiwa dukani, kwamba kesho narudi kule na mwenye duka atanieleza. Moyoni nilikuwa na hofu. Kesho ilikuwa Jumatano. Nikimaliza siku kwa kugombana mjini, Alhamisi yule bibi wa Katumba Songwe angekaa na mabegi yake mlangoni akitazama njia, na kaka yake angekuwa hapa, nyuma ya mkeka, na fimbo.

Nyuma ya mkeka mzee akasema kitu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Mama mkwe akanigeukia, kama ilivyokuwa desturi yetu, ingawa nilikuwa nimeshasikia.

"Anauliza, ulikwenda kuomba tairi gani?"

"Mwambie, ishirini na nane kwa moja nukta tano."

Akamwambia, ingawa naye alikuwa ameshasikia. Halafu mzee akauliza tena, na mama mkwe akanigeukia.

"Anauliza, lile la zamani limeandikwa nini?"

Nikalivuta lile lililochanika, nikalishika mikononi. Maandishi yalikuwa pale, makubwa, mazuri. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Mwambie ni hivyohivyo," nikasema. "Moja, halafu juu moja, chini mbili."

Mama mkwe akajaribu kulifikisha hilo. Kwa Kinyakyusa lilitoka kama habari ya mtu mmoja aliyepanda mti na wawili waliobaki chini. Mzee akauliza mti gani. Mama mkwe akasema yeye hakuwepo. Hapo ningecheka, kama siku isingekuwa ile.

Kiti kikaburutwa. Nikaona ncha ya fimbo chini ya mkeka, na mguu mmoja wa ndala. Halafu sauti ikaja, kwa Kiswahili, na haikupitia kwa mtu.

"Mkamwana. Lisome kama lilivyoandikwa."

Miaka kumi na moja. Nilimtazama mama mkwe. Mama mkwe alitazama kakao. Nikainama zaidi, na nadhani hata kuku waliacha kudonoa.

"Hawezi kulisoma, linafanana na jina lako," mama mkwe akasema mwishowe, akiielekea kakao badala ya mumewe. "Nilimkataza tangu alipokuja. Kama mama yako alivyonikataza mimi la baba yako."

Kumbe mzee hakuwa akijua. Kanuni ilikuwa ya wanawake, nayo ilikaa jikoni. Yeye alikuwa akijua tu kwamba katika nyumba yake sukari hununuliwa robo mbili, na baadaye kwa nukta, na alidhani ndivyo tunavyofundishwa huko shuleni. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba aliwahi kumsikia akiwaambia wenzake kanisani kuwa elimu ya siku hizi imebadilisha hata mizani.

"Jina langu nilipewa na baba yangu," akasema. "Hilo ni la tairi. Lisome."

Nikalisoma. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto anayesomeshwa mbele ya mkaguzi.

"Ishirini na nane kwa moja na nusu."

"Ehee," akasema mzee, akashusha pumzi. "Hilo ndilo. Nusu ina tairi lake, nukta ina tairi lake. Aliyeniuzia baiskeli aliniambia, nusu na nukta hazivuliani kofia."

Nilitaka kubisha. Mwalimu wangu alikuwa ameapa ubaoni. Lakini uso wangu ulikuwa bado chini, na kwa kuwa macho yalikuwa karibu kabisa na matairi yale mawili, nikaona kitu ambacho usomi wangu wote haukukiona asubuhi. Chini ya maandishi makubwa kila tairi lilikuwa na maandishi madogo. La zamani liliandikwa 40-635. Jipya liliandikwa 40-622. Arobaini ni unene, na ule ulikuwa sawa. Lakini namba ya pili ni kipenyo cha duara pale tairi linapokalia rimu, kwa milimita, na hapo palikuwa na tofauti ya milimita kumi na tatu. Nikaweka kidole changu: upana wa kidole. Kwa upana huo wa kidole nilikuwa nimepinda vijiko viwili na kulitukana taifa zima la wenye viwanda.

Mwalimu hakukosea, nataka niliseme hilo. Kwenye karatasi nusu na nukta tano ni mapacha. Waliotengeneza matairi ndio waliowapa mapacha hao nyumba mbili tofauti, na hawakututangazia. Baadaye niligundua kwamba hata ishirini na sita ziko hivyo: yangu ya mtumba ina ya nukta, za wamama wengi wa hapa zina ya sehemu, na ukibadilishana nao tairi mtabaki marafiki kwa shida. Siku hizi jirani akija kuniuliza anunue tairi namba ngapi simsikilizi habari za ishirini na sita wala ishirini na nane. Namwambia afute tope, asome vile vidogo vyenye kistari.

Jumatano nilirudi mjini, safari hii na matairi yote mawili shingoni, zima na bovu. Mwenye duka aliniona kutoka mbali akavua miwani na kuifuta.

"Msomi," akasema.

"Baba, shikamoo. Nimekuja kuomba ishirini na nane kwa moja na nusu."

"Marahaba. Na nusu?"

"Na nusu."

Nililisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nadhani nililisema mara arobaini. Nilimuuliza kama lina tyubu yake ya moja na nusu, kama bei inapungua kwa nusu, kama angeweza kufanya haraka maana ni saa nne na nusu. Aliacha ngazi, akachukua upondo mrefu, akaangua tairi lililoning'inia darini. Lilikuwa na vumbi la miaka na utando wa buibui, na lilikuwa la mwisho. Mitumba na baiskeli za gia zimeyafukuza yale ya zamani, akasema, wazee wakiisha nayo yataisha. Alilifuta kwa shati lake. 40-635. Lile la mamba mchanga akalirudisha juu, ila nilipokuwa natoka akaniuliza kwa upole sana kama ile sifuri ya mwisho bado haina thamani.

Nyumbani tairi lilikaa kwenye rimu kwa dole gumba. Kijiko kimoja tu nilikihitaji, mwishoni, kwa heshima. Nikajaza upepo, nikazungusha gurudumu, likazunguka bila kuyumba, nikakaza nati kwa ile kumi na tano, nikaning'iniza kamba ya mafundo saba kwenye usukani. Mzee hakuonekana. Lakini nilipokuwa nanawa nilisikia kengele ya baiskeli ikilia mara moja.

Alhamisi aliondoka mapema. Mimi nilikuwa upande wa migomba nikikata majani, na alipokohoa nilijisogeza ndani kama siku zote. Sikumtazama usoni. Nilitazama gurudumu la nyuma likipita, likichora mstari mwembamba kwenye tope, na goti likizunguka juu yake.

Siku ile sikufanya kazi ya maana. Nilipanga vifaa kwenye kopo, nikavipangua, nikanyoosha vijiko kwa nyundo. Mama mkwe alipita, akaviona, akaguna.

Mzee alirudi jua likiwa limelala upande wa milima. Nilisubiri hadi aingie ndani, ndipo nikaenda kwenye uchanja. Tairi lilikuwa na tope jekundu la Songwe hadi kwenye spoki, na halikupungua upepo. Ila kulikuwa na kamba mpya ya mgomba, nayo ilifungwa kwenye keria, fundo moja.

Nikaleta kopo. Nikakagua keria. Nati ya kushoto ilikuwa imekaza, ya kulia imekaza, vyuma vya chini havikuwa na ufa. Nikaitikisa kwa mikono miwili, nikaikalia, nikalala chini na kutazama kwa chini, nikapita na kidole kila mahali palipochomelewa. Nusu saa nzima. Sikupata kitu, na sikuwahi kushindwa kupata alichokiona mzee.

Mama mkwe akatoka jikoni na bakuli.

"Mama, hii keria ina nini? Imesumbua njiani?"

Akasimama, akaitazama ile kamba kama mtu anayesoma.

"Wifi yangu alikaa hapo kutoka mlangoni kwake hadi barabarani," akasema. "Anasema alicheka njia nzima, na majirani wakawafuata nyuma. Imesumbua wapi?"

"Sasa kamba ya nini?"

Aliingia ndani kumuuliza. Nilisikia wakiongea, na mzee akijibu kwa maneno machache. Mama mkwe akatoka tena, amejifunga kanga vizuri kana kwamba analeta ujumbe kutoka mbali.

"Anasema haijaharibika. Anasema ndaga fijo," ndiyo asante sana kwa Kinyakyusa, "na uipake mafuta kidogo ukipata nafasi."

Nikaipaka mafuta. Kamba sikuifungua.